Mbegu ya Mgeni

Sisi watu wa Ifakara hatuna ugomvi na wataalamu. Tumeletewa wa pamba, wa samaki, wa vyoo, na mmoja aliyetoka mbali sana kutufundisha kunawa mikono, naye tulimpigia makofi. Tunawakaribisha, tunasaini karatasi, tunapiga nao picha, kisha tunaendelea na maisha yetu. Kwa hiyo mwaka wa tisini na nne, ulipoingia mradi wa kupanda mpunga kwa mistari, hakuna aliyeshtuka. Kilichotushangaza ni mtaalamu mwenyewe, kwa sababu hakuwa Mzungu.

Aliitwa Bwana Selvam, mtu wa Malesia, mweusi kuliko nusu yetu, mwembamba, mwenye miwani na sauti ya chini. Tulibishana wiki nzima Malesia iko wapi. Aliyekata ubishi alikuwa Nikodemu wa Viwanja Sitini, maana yeye aliwahi kufanya kazi na Wachina wakati reli inajengwa. Kazi yenyewe ilikuwa kubeba vigingi vya wapimaji kwa miezi minane, lakini miaka ishirini ya kusimulia ilikuwa imempandisha cheo. Ukimsikiliza hadi mwisho ungedhani reli aliipima yeye na Wachina ndio walibeba vigingi. Alisema Malesia ni huko huko, watu wa huko ni wale wale, na tabia zao anazifahamu kuliko za mke wake.

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, kwa bahati mbaya.

Mradi ulichagua kaya kumi na mbili, yetu ikiwamo, ziwe na mashamba darasa. Kila kaya ilipewa kilo kumi za mbegu kutoka huko Asia, ndani ya mfuko mweupe ulioshonwa vizuri kuliko nguo zetu za kanisani. Ahadi ilikuwa moja: kaya ambayo shamba lake litafanikiwa itapewa eneo kwenye skimu ya mfereji uliotarajiwa kuchimbwa upande wa huku, maji ya uhakika mwaka mzima. Wengi wetu tuliitikia kwa sababu ya ule mfuko. Natalia, mke wa Nikodemu, aliitikia kwa sababu ya mfereji.

Shamba la Natalia lilikuwa ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, mahali ambapo mto Kilombero huja wenyewe kuvuna kabla ya mwenye shamba. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa anahamia huko kila msimu, analala kibandani, anafukuza ndege kutoka juu ya dungu, na baadhi ya miaka alirudi mjini na nusu gunia na homa. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Hakuomba nyumba ya bati wala kitenge kipya. Alitaka eneo lisilofurika, basi.

Nikodemu ndiye aliyesaini, kwa kuwa ndiye mwanamume. Alipofika nyumbani na mfuko alimwambia mkewe kwamba mbegu yao ya zamani sasa haina kazi, wanaweza kuitwanga wakala, kipindi chenyewe kilikuwa cha njaa. Natalia alisita siku tatu. Siku ya nne hapakuwa na unga, akaitwanga. Mfuko mweupe akauning'iniza darini, juu ya moshi, na kila asubuhi alikuwa anauangalia kabla ya kuwasha moto.

Mwezi wa kumi na moja Bwana Selvam alianza kuwatembelea wakulima wake, pamoja na bwana shamba wetu, Hermenegildi, aliyekuwa anamtafsiria. Nikodemu alimwalika chakula cha mchana Jumapili, mbele ya watu, pale nje ya kanisa. Alifika nyumbani akiwa amefurahi sana. Natalia alikuwa anachambua mboga za matembele.

"Jumapili mgeni anakula hapa," alisema.

"Anakula nini?"

Lilikuwa swali la haki. Ndani kulikuwa na unga wa mahindi wa siku nne na perege wawili wakubwa waliokaushwa. Mchele haukuwapo. Dukani ulikuwapo, kwa bei ya watu wenye mishahara, na Nikodemu alikuwa anadaiwa hapo sabuni. Ugali, kwa maoni yake, haukuwa chakula cha kumpa mtu wa Asia. Akaeleza, kwa mara ya mia, jinsi Wachina wa reli walivyoletewa mchele wao kwa meli kutoka kwao, na siku ulipochelewa wakapewa wa hapa, wakaula wamenuna. Mtu wa huko akikosa mchele wa kwao anaugua.

Natalia aliacha kuchambua. Alikuwa ameshaona mumewe anatazama wapi.

"Baba Gasper, ile ni mbegu."

"Mbili tu. Kilo mbili. Zinabaki nane."

"Mbegu haipikwi."

"Mgeni anakuja kwako kutoka ng'ambo ya bahari, unampa ugali na samaki wa moshi, halafu yeye ndiye anaandika nani apewe eneo la mfereji. Fikiria mwenyewe."

Natalia alifikiria. Tusimcheke. Kila mmoja wetu aliyewahi kupokea mgeni wa maana na chungu kitupu anajua akili inavyokwenda saa hiyo. Kumtuma mgeni arudi na njaa ni aibu inayosimuliwa hadi kwa wajukuu, na kilo mbili zilionekana chache sana pembeni ya aibu hiyo. Alishusha mfuko, akafungua mshono kwa kisu polepole ili uweze kushonwa tena.

Kosa la Natalia, kama lilikuwa kosa, ni kutwanga mchana. Mchele ule ulikuwa wa kunukia. Katika mwezi ambao mtaa mzima unakula ugali, mlio wa mchi kwenye kinu cha mpunga unasikika hadi Kibaoni. Jumamosi jioni akaja shemeji yake kusalimia. Akaja katekista Theodori, akasema amesikia kuna mgeni na ni vizuri kanisa liwakilishwe. Akaja mwenyekiti wa mtaa, ambaye haiwezekani kumwacha nje. Akaja Fulgensi jirani na wanawe watatu, hawakutoa sababu yoyote. Natalia alirudi kwenye mfuko mara ya pili, kisha mara ya tatu. Jumapili, saa tano asubuhi, aliukung'uta juu ya ungo na kuukunja.

Mgeni alifika saa saba. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, jambo lililotupendeza, na akamwamkia Natalia shikamoo ingawa huenda walikuwa rika moja. Nikodemu alimsalimia kwa Kichina chake cha vigingini. Bwana Selvam alitabasamu kwa adabu, na Hermenegildi akaeleza kwamba mgeni si Mchina. Wazee wake walitoka India.

Nikodemu alikuwa ameutangazia mji mzima kwamba ni Mchina.

"India na Malesia ni wapi na wapi?" aliuliza.

Ndipo mgeni akasimulia, taratibu, huku Hermenegildi anatafsiri na wali unapoa. Bibi yake mzaa baba alichukuliwa kusini mwa India akiwa binti, akapakiwa melini na mamia ya wengine, kwenda kugema utomvu wa mipira kwenye mashamba ya Waingereza huko Malesia. Aliambiwa ni miaka mitatu. Alikaa hadi akazikwa. Upande wa mkewe walikuwa Wachina waliokwenda kuchimba bati. Wenyeji wenyewe ni Wamalei, Waislamu, na dini hiyo nayo ililetwa na wafanyabiashara kutoka magharibi. Nyumbani kwake watoto wanakula tambi za Kichina kwa mchuzi wa Kihindi na pilipili ya Kimalei, wanagombana kwa lugha tatu, na wakiulizwa shuleni kabila lao wanamtazama mwalimu tu. Bara lote liko hivyo, alisema. Ukichimba kidogo chini ya kila mwenyeji unamkuta mtu aliyeshuka melini.

"Kwa hiyo wewe kwenu ni mhamiaji," alisema Nikodemu, kwa sauti ya mtu aliyeuziwa kitu kilichotumika.

Katekista Theodori alikohoa, akamkumbusha kwamba babu yake Nikodemu alikuja bonde hili akiwakimbia Wangoni wa Songea, na kwamba yeye Theodori ni Mhehe, na mwenyekiti ni Mngoni, na miwa kule mashambani inakatwa na makabila ambayo hata serikali haijamaliza kuyahesabu. Nikodemu alisema hao sawa, lakini Wasukuma wanaoingia sasa na ng'ombe zao ni jambo tofauti kabisa. Bwana Selvam alitafsiriwa hilo, akatikisa kichwa, akasema hivyo hivyo ndivyo walivyosema juu ya bibi yake. Tulicheka. Tulidhani anatania.

Kisha akala. Tonge la kwanza alilishika mdomoni muda mrefu, macho chini, na Natalia aliyekuwa amesimama mlangoni na jagi la maji akalishika jagi kwa mikono miwili. Mgeni alimeza, akala tena, akamaliza sahani, akaiinua kidogo kuomba nyingine. Alisema kwa Kiswahili chake cha miezi mitano kwamba amekula kama kwa mama. Nikodemu alimtazama mkewe kwa ushindi. Natalia alikwenda nyuma ya jiko, akakaa juu ya kinu na kulia, na sisi tuliokuwa ndani tuliendelea kula kwa sababu wali ulikuwa mtamu kweli.

*

Mvua za Desemba hazikumngoja mtu. Kitalu kilitakiwa kiwe kimemwagwa ndani ya wiki mbili, na Nikodemu alikuwa na mpango: wangesema panya. Mpango huo ulikuwa na kasoro ndogo, kwamba hao panya walikuwa watu kumi na wanne wa heshima, waliokula wakiwa wamekaa kwenye mkeka wake. Natalia alijifunga khanga, akavuka kwa kivuko hadi Lupiro, akaenda kwa Bernadeta.

Bernadeta alikuwa mjane, na shamba lake lilipakana na la Natalia. Mradi ulipomfuata alikataa, akasema mpunga wake haujawahi kulalamika kwamba umepandwa bila mstari. Nikodemu alikuwa ametembea mji mzima akimtaja kama mfano wa watu wanaorudisha nchi nyuma. Sasa Natalia alisimama uani pake, akamwamkia, akakaribishwa kigoda, na Bernadeta akaendelea kupepeta kwa muda ambao ulitosha kabisa.

"Nasikia mmepewa mbegu iliyopanda ndege," alisema mwishowe.

"Tulipewa, dada."

"Imeota?"

Natalia alikuwa amejiandalia maneno tangu kwenye kivuko. Yote aliyasahau.

"Tumeila."

Bernadeta aliweka ungo chini. Hakucheka, na hilo ndilo lililomuumiza Natalia zaidi, angalau kicheko kingekuwa adhabu. Alimuuliza waliila na nini. Natalia akasema na perege. Bernadeta akauliza ilikuwaje. Natalia akasema hajui, yeye hakuonja, sufuria liliisha kabla halijamfikia.

"Hata ukoko?"

"Ukoko waliubeba watoto wa Fulgensi."

Mjane alisimama, akaingia ndani, akatoka na debe la mpunga wake wa kienyeji, ule ule aliopanda mama yake. Alisema hataki kurudishiwa. Anachotaka ni Nikodemu aje mwenyewe kumpalilia siku nne, kwa jembe lake, upande wa barabarani ambako watu wanapita. Nikodemu alipofikishiwa sharti hilo alisema haliwezekani. Natalia alisema basi aende yeye ofisini akaseme panya. Januari, tuliokuwa tunapita kwa baiskeli kuelekea Lupiro tulimwona mtaalamu wetu wa mambo ya Asia ameinama katika shamba la mwanamke, na tulihakikisha tunapita mara mbili.

Natalia alimwaga kitalu. Alipandikiza kwa kamba, miche miwili miwili, nafasi sawasawa, kama bwana shamba alivyoelekeza. Alitumaini bila kujua anatumaini nini, kwani alijua karatasi ya mradi inasema mbegu iwe ile waliyopewa, na kwamba atakayeitumia vibaya atafutwa kwenye orodha ya mfereji. Bwana Selvam alipokuja kukagua mwezi wa pili alitembea kati ya mistari, akachuma jani moja, akalitazama kwenye mwanga. Akalirudisha chini, akaandika kitu, akasema vizuri sana. Natalia hakulala vizuri siku hizo.

Mwaka huo mto ulituonea huruma. Maji yalipanda hadi kwenye tuta na kusimama hapo. Kufikia Mei shamba la Natalia lilikuwa linainama kwa masuke, na mradi ukatangaza kwamba siku ya wakulima itafanyika humo. Mashamba mengine kumi na moja, yetu yakiwamo, hayakuwa na la kuonyesha. Baadhi yetu tulikuwa tumepanda tulichookota. Wengine tulisema ndege, wengine funza, na mmoja alisema wivu wa majirani.

*

Alikuja mkubwa kutoka mkoani, na gari mbili, na mpiga picha. Tulipanga mstari juu ya tuta, kaya zote kumi na mbili, tukiwa tumevaa za kanisani. Mkubwa alipita shambani akasifu, akashika suke, akasema hii ndiyo faida ya kupokea mbegu bora kutoka kwa wenzetu wa Asia. Akaomba mwenye shamba aseme mawili matatu. Nikodemu alisogea mbele, akajisafisha koo. Alikuwa amefanya mazoezi siku mbili na hotuba ilianzia kwenye reli.

Natalia alijua kwamba anachotakiwa kufanya ni kunyamaza. Akinyamaza, mfereji ni wake. Alitazama ng'ambo ya mpaka, Bernadeta alikuwa amesimama shambani kwake, mkono kiunoni, anasikiliza mpunga wa mama yake ukiitwa wa watu wengine. Natalia aliona aibu iliyozidi ile ya chungu kitupu. Akamshika mumewe mkono.

"Huu ni mpunga wa dada Bernadeta," alisema. "Ile mbegu tuliipika siku mgeni alipokuja. Nilipika mimi."

Mkubwa alidhani amesikia vibaya, akamtaka arudie. Alirudia, neno kwa neno. Mpiga picha alishusha kamera. Nikodemu alitazama miguu yake, na kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu hakuwa na mfano wa Wachina.

Mkubwa alikasirika. Alisema serikali haikuleta mbegu kutoka mbali kote huko ili watu wachache wasio na nidhamu wazifanye wali, na kwamba jina hili lifutwe sasa hivi. Hermenegildi alikuwa ameshatoa kalamu. Hapo Fulgensi, ambaye hatukumtegemea kwa jambo lolote la ujasiri, akasema kutoka nyuma:

"Kama ni hivyo na sisi ufute. Yetu tulimpikia wiki iliyofuata."

Mama mmoja wa Kibaoni akasema na wao, na kuku. Akafuata mwingine, na mwingine. Kila nyumba ilikuwa imefikiri peke yake, kwa siri, wazo lile lile la busara, kwamba mtu wa Asia apewe mchele wa Asia. Hermenegildi alikuwa anakata majina na uso wake umebadilika, maana yeye ndiye aliyemsindikiza mgeni kote na alikuwa amekula sahani kwa sahani.

Mkubwa alimgeukia Bwana Selvam. Alimuuliza, kwa Kiswahili ili tusikie, kama alikuwa anajua.

"Nyumba kumi na moja," alisema Bwana Selvam. "Nilijua tangu nyumba ya kwanza."

"Kwa nini hukusema?"

Alivua miwani. Alitafuta neno, hakumwangalia Hermenegildi.

"Nilikumbuka nyumbani," alisema. "Kila nilipoalikwa nilisema leo nitawaambia wasipike. Halafu wanaleta sahani."

Akasema pia, na hili lilitafsiriwa, kwamba kama kuna jina la kufutwa lianze lake, kwa kuwa hakuna aliyekula mbegu nyingi kuliko yeye. Lakini shamba hili limepandwa sawasawa na mbegu ambayo bonde linaifahamu, na yeye ataandika hivyo kwenye taarifa yake na atasaini. Walibishana kwa Kiingereza kando ya gari. Mwisho wake Natalia alipewa eneo la mfereji, kwa jina lake mwenyewe, siyo la Nikodemu. Mfereji ulichimbwa ukafika nusu ya ulipoahidiwa, lakini ulifika kwake. Bernadeta aliombwa mbegu na watu wa vijiji vitatu. Bwana Selvam hakuongezewa mkataba, aliondoka Julai kwa treni ya usiku, na Natalia alimfungia wali na perege kwenye kikapu.

Nasi tukabaki na ile hesabu. Kaya zilikuwa kumi na mbili, naye alisema nyumba kumi na moja. Pale juu ya tuta watu walianza kutazamana na kuhesabu kwa vidole, na mke wangu akanikanyaga mguu. Yetu tuliipika Krismasi, tukala wenyewe, mlango umefungwa. Siku hiyo Bwana Selvam alipita barabarani peke yake, tulimwona kwenye upenyo wa dirisha, akasimama kidogo mbele ya uzio wetu kama mtu aliyesikia harufu, na tukanyamaza hadi alipoondoka.